Begi limekuwa jiwe, makiwara haipindi: kutafuta kasoro kwenye vifaa vya mazoezi vya kujitengenezea

Vifaa vingi vya ngumi, karate na mateke vinavyotumika Dar es Salaam havikununuliwa dukani. Begi limeshonwa na fundi turubai, limejazwa mabaki ya mitumba, limening'inizwa kwenye tawi la mwembe au kwenye bomba lililochomelewa na mafundi wa mtaa wa Gerezani. Kifaa cha namna hiyo kikitengenezwa kwa makini kinafanya kazi sawa na cha dukani. Shida huanza kinapoharibika, kwa sababu watu wengi wana tiba moja tu, nayo ni kuongeza ugumu. Begi likilegea wanaongeza mchanga. Makiwara, nguzo ya mbao ya kupigia ngumi, ikicheza wanamwaga zege. Baada ya hapo ni viwiko na viungo vya mikono vinavyouma, na kifaa bado kibovu.

Kifaa cha kupiga kinatakiwa kibonyee, kirudi nyuma au kipinde. Kisipofanya mojawapo, nguvu ya pigo inarudi kwa mpigaji. Kwa hiyo soma dalili kwanza, kisha ndiyo ushike sindano au koleo.

Begi gumu chini, limenywea juu

Papasa begi kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini. Ugumu ukiongezeka polepole, vitambaa havikushindiliwa wakati wa kujaza. Ugumu ukianza ghafla mahali fulani, kuna mchanga uliotuama. Ukikuta uvimbe upande mmoja na bonde upande wa pili, kuna nguo zilizoingizwa nzimanzima zikajiviringisha.

Mchanga ndio mkosaji mkubwa, na hesabu yake ni rahisi. Begi la kipenyo cha sm 35 na urefu wa mita 1 lina ujazo wa karibu lita 96. Lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1.6 hivi, kwa hiyo begi hilo likijaa mchanga mtupu linapita kilo 150. Vitambaa vilivyoshindiliwa sawasawa vinafikisha kilo 30 hadi 40 katika ujazo uleule, na huo ndio uzito unaomfaa mpigaji wa kilo 60 hadi 80, kwa kanuni ya mazoea kwamba begi liwe karibu nusu ya uzito wa anayelipiga. Ukimwaga mchanga huru katikati ya vitambaa, kila ngumi inautikisa, nao unapenya kwenye nafasi na kushuka. Haijalishi umeuweka juu au katikati, utaukuta chini.

Tiba yake ni kumwaga kila kitu na kuanza upya. Tandika turubai, mwaga, chekecha mchanga wote utoke. Kata vitambaa vipande vya sm 10 hadi 15. Suruali ya jinzi ikiingia nzima ni lazima itengeneze fundo. Ng'oa zipu, vifungo, ndoano za sidiria na vipande vyote vya chuma, kwa sababu kifungo kimoja kilichosogea hadi kwenye ngozi ya begi kinatosha kupasua kifundo cha kidole. Mafundi cherehani wana mabaki ya vitambaa kwa magunia, na hayo yanakuokoa kazi ya kukata.

Jaza tabaka la sm 15, kisha shindilia kwa mchi wa kinu ukianza pembeni na kumalizia katikati. Watu hushindilia katikati tu, ndiyo maana pembeni kunabaki laini na turubai linajikunja. Endelea tabaka kwa tabaka. Hata ukishindilia vizuri, begi jipya litashuka sm 10 au zaidi katika wiki za mwanzo, kwa hiyo usishone mdomo wa juu moja kwa moja. Ufunge kwa kamba inayopita kwenye matundu yenye ringi, uweze kufungua na kujazia.

Kama bado unataka kilo za ziada, fungia mchanga ndani ya tyubu. Kila fundi wa kuziba pancha ana tyubu za bodaboda zisizozibika tena. Kata kipande cha sm 30, funga ncha moja kwa waya laini au kamba ya mpira, jaza mchanga, toa hewa, funga ncha ya pili na ukunje mkia wake ili waya usitoboe. Kipande hicho kinabeba kilo moja hivi. Panga vipande hivyo kwenye mhimili wa begi, katikati kabisa, vikizungukwa na angalau sm 12 za vitambaa kila upande. Vitatu au vinne vinatosha.

Usichote mchanga ufukweni. Una chumvi, chumvi inavuta unyevu hewani, na katika joto la Dar unyevu huo unaozesha uzi na kulisha kutu kwenye ringi na mnyororo. Tumia mchanga wa mto ulioanikwa hadi ukauke.

Kiungo cha mkono kinauma, ngozi inachubuka

Maumivu kwenye kiungo cha mkono baada ya kupiga begi yana vyanzo vitatu vya kawaida: begi ni gumu mno, begi liko chini au juu mno, au bandeji ya kufungia mkono imefungwa vidoleni tu bila kushika kiungo. Pima ugumu kwa kusukuma kidole gumba: kikizama sm 2 hivi kwa nguvu ya kawaida, begi liko sawa. Kwa ngumi, kitovu cha begi kiwe usawa wa kifua cha mpigaji na ncha ya chini isipite juu ya kiuno. Kwa mateke ya chini unahitaji begi refu, mita 1.5 hadi 1.8, ambalo ncha yake iko sm 25 au 30 kutoka ardhini. Begi fupi lililoshushwa kwa ajili ya mateke halifai kwa ngumi za kichwa, na kulilazimisha lifanye kazi zote mbili ni kupoteza muda.

Bandeji unaweza kuishona mwenyewe kwa kitambaa cha pamba chenye upana wa sm 5 na urefu wa mita 4 hadi 4.5. Ikijiviringisha kama kamba mkononi, pindo limeshonwa nene mno. Tumia zigizagi badala ya kukunja mara mbili.

Ngozi ikichubuka ukiwa umevaa bandeji, angalia mshono. Mshono wa wima unatakiwa ukunjwe ndani na uelekezwe upande usiopigwa. Turubai lenye nyuzi za kuhisika kwa kidole linakwaruza pia, na hapo funika sehemu ya kupigia kwa reksini (ngozi bandia) ya mafundi viti. Viroba vya polipropilini kama ngozi ya nje ni mpango wa muda mfupi: jua linavikausha hadi vinapukutika unga, kisha vinachanika bila onyo. Vinafaa zaidi kama mfuko wa ndani.

Maumivu ambayo hayaondoki baada ya siku chache za kupumzika si tatizo la begi tena. Nenda hospitali ukapigwe picha ya eksirei.

Turubai linachanika kwenye ringi

Hapa mtu hushona kiraka, na kiraka nacho kinachanika wiki inayofuata. Kasoro haiko kwenye turubai. Uzito wote wa begi unabebwa na matundu manne au sita, na turubai limetengenezwa kufunika mzigo, si kuubeba.

Tafuta mikanda ya siti za gari kwa wauza vipuri chakavu. Inayotoka kwenye gari lililokatwa ni imara kuliko kamba nyingi za dukani kwa kazi hii. Unahitaji miwili yenye urefu wa mita 3 kila mmoja kwa begi la mita 1. Ipishanishe msalaba chini ya kitako cha begi, ipande pande nne hadi juu, na kila ncha ikunjwe kuzunguka pete ya chuma. Sasa begi limekaa juu ya mikanda na turubai halibebi kitu. Shona kila mkunjo kwa mraba wenye msalaba ndani yake, urefu wa mshono usiopungua sm 7, kwa uzi wa nailoni wa fundi viatu. Uzi wa kawaida wa cherehani unakatika upesi, na ukiwa wa pamba unaoza kwa jasho.

Pete iwe ya kuchomelewa. Pete iliyokunjwa tu ikaachwa na mwanya itafunguka, sawa na ndoano ya herufi S. Mahali pa kuunganisha na mnyororo tumia kiungo chenye umbo la U kinachofungwa kwa pini ya skrubu, cha aina wanayotumia wavutaji wa magari, na uikaze pini kwa waya isijifungue kwa mtikisiko.

Linazunguka, linayumba, linapiga kelele

Begi linalozunguka kila unapopiga linakuambia mojawapo ya mambo mawili. Ama unapiga pembeni ya mhimili, au uzito umelala upande mmoja. Liache litulie, lizungushe nusu kwa mkono, liachie. Likirudi daima kuangalia upande uleule, kagua kwanza kama mnyororo umejisokota; kama haujasokota na begi linainama, ujazo hauko sawa. Minyororo minne yenye urefu sawa kabisa, hesabu macho yake, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Kuyumba kupita kiasi kunatokana na wepesi au na mnyororo mrefu. Mnyororo mrefu unalipeleka begi mbali na kulirudisha taratibu. Mfupi unalirudisha haraka. Wengi wanaridhika na sm 40 hadi 60 kati ya begi na bomba. Kama mti hauruhusu mnyororo mfupi, funga tyubu ya baiskeli kutoka kitako cha begi hadi ndoo ndogo iliyojazwa zege chini. Tyubu inavutika, kwa hiyo begi linabaki na uhai wake. Kamba isiyovutika hapo ni kosa. Inaligeuza begi kuwa nguzo.

Mlio wa chuma kusagana ndio wa kusikiliza kuliko yote. Begi la kilo 40 likiyumba hadi nyuzi 60 kutoka wima, linapopita chini linavuta kwa nguvu mara mbili ya uzito wake, na mishtuko ya mnyororo kulegea na kukaza inaongeza juu ya hapo. Ndiyo sababu vifaa vya kuning'inizia vihimili angalau mara tano ya uzito wa begi. Paka grisi, na kila mwezi tazama jicho la juu kabisa la mnyororo, lile linalogusa bomba. Likilika kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene wake, badilisha mnyororo. Ulio na zinki unadumu zaidi, hasa Kigamboni, Msasani na kwingineko karibu na bahari.

Bati limeanza kuvuja juu ya begi

Dalili hii huonekana masika, na watu humtafuta fundi bati. Begi limening'inizwa kwenye kenchi. Kenchi za mbili kwa nne zimepangwa kubeba bati na upepo. Mvutano wa kwenda na kurudi unalegeza misumari ya maungio, bati linacheza, matundu ya misumari yanapanuka. Kabla halijakuangukia, lishushe. Dari la jipsamu halifai hata kutajwa.

Kwenye mti, tawi liwe hai na unene wa sm 15 au zaidi, na weka kipande cha tairi kati ya mnyororo na gamba. Mnyororo mtupu unakata gamba, tawi linadhoofika, na linaweza kuvunjika likiwa bado linaonekana zima.

Pasipo na mti, chimbia mirunda miwili ya mita 3.4, sm 90 zikiwa ardhini, na bomba la chuma la inchi 2 juu yake. Fremu ikinesa, weka mihimili ya mshazari kwenye pembe kabla hujafikiria kuongeza unene wa bomba. Kunesa kwingi hutoka kwenye pembe.

Harufu ya uvundo

Ujazo uliingia ukiwa na unyevu, au begi limenyeshewa, au jasho limepenya kwenye mshono. Turubai halipumui, hivyo maji yaliyoingia hayatoki. Anika vitambaa juani siku mbili nzima kabla ya kujaza. Toboa matundu manne madogo kwenye kitako yenye ringi za shaba. Na vitambaa vilivyokwisha ota ukungu vitupe. Kuvianika hakuondoi kitu, na kila ngumi inakupulizia vumbi lake puani.

Unga wa mbao na maranda ni vyepesi na rahisi kupata, lakini vikilowa vinavimba na kuganda. Jambo kubwa zaidi: usichukue unga unaotoka kwenye mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa hiyo ni sumu kuvuta.

Makiwara haipindi, au inainama, au imepasuka

Makiwara, nguzo ya kupigia iliyotoka Okinawa, Japani, inaonekana rahisi kuliko begi na ndiyo inayotengenezwa vibaya zaidi. Vipimo vinavyofanya kazi: mbao ya nne kwa nne yenye urefu wa mita 2.2, sm 80 zikiwa ardhini, unene kamili usawa wa ardhi ukipungua taratibu hadi sm 2 juu. Upana unabaki uleule. Ukiisukuma kwa kiganja kwenye pedi kwa nguvu ya wastani, isogee sm 3 hadi 5 na kurudi mara moja.

Haisogei? Usipige kwa nguvu zaidi, ipunguze. Ukakamavu wa mbao unafuata unene kwa mchemraba (unene mara unene mara unene): sehemu iliyokuwa na mm 25 ikirandwa hadi mm 20, ukakamavu wake unashuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo randa mm 2 tu kwa mara moja, kisha pima tena. Aliyeranda mm 8 kwa hasira hawezi kuzirudisha.

Randa upande wa nyuma. Nguzo ikipinda, uso unaopigwa ndio unaovutika, na nyuzi za mbao upande huo zinatakiwa ziende bila kukatwa kutoka chini hadi juu. Nguzo nyingi zilizopasuka zimekatwa mteremko upande wa mbele, au zina jicho la mbao usoni. Kuhusu aina ya mbao kuna ubishi mwingi kuliko inavyostahili. Nyuzi zilizonyooka, ukavu na kutokuwa na macho vina uzito kuliko jina. Msaji, ile sehemu ya moyo, una faida ya kuvumilia mchwa. Mpaini wa bei nafuu hauna faida hiyo na mara nyingi umejaa macho.

Ikiinama nyuma polepole, tatizo ni udongo. Sehemu kubwa ya jiji imekaa juu ya mchanga, nao haushiki nguzo. Pigo linaisukuma nguzo nyuma usawa wa ardhi na mbele kwenye mguu wake. Basi zika vipande viwili vya mbao au tofali za saruji vikiwa mlalo: kimoja nyuma ya nguzo karibu na uso wa ardhi, kingine mbele ya mguu, chini kabisa. Shindilia kifusi kwa tabaka za sm 15. Hili linazuia kuliko ndoo mbili za zege iliyomwagwa kuzunguka nguzo, na siku mbao ikioza unaibadilisha bila nyundo kubwa. Ukilazimika kutumia zege, uso wake uteremke kutoka kwenye nguzo ili maji yasituame. Mbao huoza kwanza pale hewa na unyevu vinapokutana, sm chache juu na chini ya ardhi. Chokoa hapo kwa bisibisi kila baada ya mvua za masika na za vuli. Ikizama kirahisi, nguzo imekwisha.

Kwa pedi, bandika tabaka mbili za soli za kandambili, kisha zungushia kamba ya katani ya mm 8. Eneo la sm 25 linakula kama mita 9. Katani mpya inachubua, kwa hiyo ifunike kwa kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa, na kila mtu awe na chake, kwani damu hubaki kwenye nyuzi. Mtoto ambaye mifupa bado inakua asiwekwe mbele ya makiwara. Apewe pedi ya kushikwa na mwenzake.

Mshika pedi anaumia kuliko mpigaji

Ngao ya mateke iliyotengenezwa kwa godoro tupu inaonekana nene, lakini sponji ya godoro inabonyea hadi mwisho na teke linafika mkononi. Kuongeza sponji ileile hakusaidii sana. Panga hivi katika ngao ya sm 60 kwa 35: mbele sm 2 za mpira mgumu wa mkeka wa mazoezi au soli za kandambili, katikati sm 10 za sponji, nyuma sm 2 za mpira mgumu tena. Tabaka la mbele linatawanya pigo kwenye eneo kubwa, sponji inalipunguza mwendo, la nyuma linalinda mkono.

Tabaka zikibanduka, gundi ya fundi viatu ilipakwa upande mmoja au ikabanwa ikiwa mbichi. Paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 isinatenate kidoleni, ndipo ubane. Siku ya mvua acha kazi hiyo.

Kamba ya kuruka na chi-ishi

Kamba ikijisokota, haina uhuru ndani ya mpini. Ipitishe kwenye kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, weka washa (kile kiringi bapa cha chuma cha kwenye bolti), piga fundo juu yake. Waya wa breki wa baiskeli unakwenda kasi, ila uvishe mrija wa plastiki, maana nyuzi zake zikikatika zinachana mashavu ya miguu.

Chi-ishi, mpini wenye jiwe au zege upande mmoja unaotumika kwenye Goju-ryu, mtindo mmojawapo wa karate, ina kasoro moja inayojirudia: mpini unazunguka ndani ya zege na hatimaye unachomoka ukiwa hewani. Mbao ilifyonza maji ya zege ikavimba, kisha ikakauka ikasinyaa. Pigilia misumari minne ya inchi 4 ipite msalaba kwenye ncha ya mpini kabla ya kumwaga. Zege iwe saruji 1, mchanga 2, kokoto ndogo 3, maji kidogo, na ibaki na unyevu siku 7 chini ya gunia lililoloweshwa. Kopo la lita 1 linatoa kilo 2.4 hivi, na kwa anayeanza hizo zinatosha.